Idi Mubarak kutoka Bagamoyo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu na jamaa, mlio hapa Bagamoyo na mliotawanyika. Mwezi umeandama, tumefungua, alhamdulillahi. Taqabbalallahu minna waminkum.

Mwaka umetubana. Mchele wa fitri safari hii umenunuliwa kwa mahesabu, nyama ndiyo usiseme, na mwenye watoto watatu anajua alivyotoka madukani usiku wa kuamkia Idi. Nyumba yetu nayo imepungua mtu, Bibi katutoka Rajabu. Fitri nimeipima kwa pishi yake ileile ya mti, yenye ufa ukingoni, na mkono ulitetemeka.

Mniwie radhi kwa hili nitakalosema siku ya furaha. Bibi alipokuwa mwari aliposwa, mahari yakatajwa, kisha wakaja watu wawili jioni kuvunja posa: kwao Bibi ni wazalia, yaani kizazi cha watumwa, bibi yao kaletwa na msafara kutoka bara. Utumwa ulikuwa umeshafutwa na sheria ya Tanganyika tangu 1922! Kule Virginia, Amerika, mwaka 1662 waliandika kabisa katika sheria kuwa mtoto afuate hali ya mama yake, huru au mtumwa, na mama mweusi hali yake ilijulikana. Frederick Douglass, Mmarekani mweusi, alizaliwa mtumwa ndani ya hesabu hiyo, akatoroka 1838, akaipinga kwa ulimi na kalamu mpaka kufa. Sisi hatukuandika popote. Tuliwaachia washenga.

Wageni tunawapeleka misheni kupiga picha mnyororo uliozama kwenye mbuyu (wenyewe husema ulikuwa wa kufungia punda). Habari za posa hatuwaambii. Na tuwape haki yao majirani zetu: mapadri waliofika 1868 walitoa fedha kukomboa watu, ilhali wenye misafara wengi walikuwa wenzetu wa safu moja msikitini.

Bilal, mtumwa mweusi aliyesilimu, alilazwa kwenye mchanga wa moto Makka, jiwe kifuani, Abubakar akamnunua na kumwacha huru, na sauti ya adhana ikawa yake. Kukomboa watumwa kumo katika mafungu manane ya zaka, Sura Tawba, aya ya 60. Mwarabu hana ubora kwa asiye Mwarabu, wala mweupe kwa mweusi, ila kwa uchamungu: hilo tumelisikia mimbarini mara ngapi? Halafu binti anaposwa, swali la kwanza "kwao wapi hasa?" Enyi wazazi, enyi washenga, mcheni Mungu! Swaumu ya mwezi mzima mtu aifute kwa neno moja la ukumbini?

Bibi kila Idi alipeleka sinia ya tambi kwenye nyumba ile iliyomkataa. Nilimuuliza, akanijibu, "Si jirani zangu?" akaendelea kukuna nazi.

Mola awarehemu waliotangulia, awaponye wagonjwa, awape riziki wenye dhiki, atufikishe Ramadhani nyingine. Kullu aam wa antum bikheir.

Sinia imeshakwenda asubuhi. Nimeipeleka mwenyewe.