Dubu wa Romania tumewasoma, tembo wa Nachingwea mtawaandika lini?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia, ila ile habari ya dubu na waendesha pikipiki imenikaa kooni. Bila shaka unaikumbuka. Mlieleza barabara ya milimani kule Romania, inaitwa Transfăgărășan, inapanda mpaka zaidi ya mita 2,000 na watalii wa pikipiki wanaipenda sana, mkaeleza yule Mtaliano aliyeuawa na dubu hapo Julai 2025, Mungu amrehemu, msiba ni msiba. Mkaeleza pia dubu walivyozoeshwa kupewa vyakula na watu wa magari mpaka wanakuja kukaa kando ya lami kusubiri, na kwamba dubu akionekana karibu serikali yao inatuma meseji ya tahadhari kwenye simu za watu. Picha kubwa, nusu ukurasa. Halafu mkamalizia kwa kusema tushukuru sisi hatuna dubu.

Mhariri, dubu kweli hatuna. Tuna tembo, simba, mbogo na fisi, tuna nguruwe pori wasiohesabika, na sisi tunaoendesha boda Nachingwea na Liwale tunakutana nao barabarani tukiwa na abiria mgongoni, mara nyingine mama mgonjwa, mara nyingine mwanafunzi na begi lake. Hatukwenda kupiga picha. Juu yetu kuna pori la akiba la Selous, ambalo mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, chini kuna ushoroba wa wanyama unaoshuka mpaka Niassa kule Msumbiji, na ukifika Nanyumbu kuna pori la Lukwika-Lumesule pale mto Ruvuma. Sasa mnyama akitoka huku kwenda kule anapita wapi kama sio kwenye mashamba yetu na barabara zetu? Hili watu wa huku wanalijua toka enzi za mababu, linaloniuma ni kwamba gazeti la nyumbani linalisoma Ulaya kwanza.

Nguruwe pori ndio anayetuangusha sana na hakuna anayemwandika. Akikatiza mmoja usiku wewe unaona njia nyeupe unavuta mafuta, kumbe hatembei peke yake, nyuma wapo wengine wanamfuata kwa mstari, unamvaa wa pili au wa tatu. Vijana wamevunjika mifupa ya mabega kwa sababu hiyo. Na nguruwe hajaja peke yake, nyuma yake kuna simba. Watafiti waliandika mwaka 2005 kuwa toka 1990 simba walishaua watu zaidi ya 560 Tanzania, Lindi ikiwa kati ya mikoa iliyoumia zaidi, na wakaeleza wazi kwamba simba anamfuata nguruwe, nguruwe anafuata mahindi, na watu wengi waliuawa miezi ya kuelekea mavuno wakiwa wamelala shamba kulinda mazao. Wazee wa huku waliozika ndugu zao miaka ile bado wapo, waulizeni.

Mimi mwenyewe yalinikuta msimu wa korosho. Nimembeba bibi mmoja natoka naye Nachingwea kwenda njia ya Kilimarondo, ndoo yake ya mabibo nimeifunga nyuma kwa mpira, jua limeshazama ila giza bado. Kwenye kona moja vichaka vimeingia mpaka barabarani, ile nakata kona nasikia matawi yanavunjika na harufu nzito ya tembo, nikashika breki, kumbe jike yuko kati ya barabara na mtoto wake yuko upande wangu. Nikazima injini, nikazima na taa, honi sikugusa maana ukimpigia honi tembo mwenye mtoto umejiita kifo mwenyewe. Bibi akanishika bega akasema polepole, "Baba, tushuke, kiache hicho chombo." Tukashuka, tukarudi kinyumenyume tukiangalia upepo unatokea wapi, mpaka kwenye mti. Yule tembo alikuja moja kwa moja kwenye ndoo. Alikuwa anatoa bibo mojamoja kwa ncha ya mkonga, anatia mdomoni, anatoa jingine, na maji ya mabibo yanadondoka kwenye siti, yaani tulikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyotafuna. Yalipoisha akaisukuma pikipiki kwa mguu, ikalala, akaikanyaga. Tenki likapasuka petroli ikamwagika, rimu ya mbele ikajikunja kama sinia la bati, elementi yangu, yaani kofia ngumu ya kichwani, niliyoitundika kwenye kioo nikaikuta vipande. Mimi na bibi tulitembea usiku ule mpaka kijiji cha mbele, namshukuru Mungu yeye ni mzima mpaka leo.

Sasa sikia kilichofuata maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nikaenda kwenye ofisi moja inayohusika, nikaambiwa fomu ya mazao ipo, ya mifugo ipo, ya mtu aliyejeruhiwa au kufariki ipo, ya pikipiki haipo kwa sababu kanuni haiitaji. Nikatafuta hizo kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011, yaani pole ya serikali kwa walioumizwa na wanyama, nikasomewa mstari kwa mstari. Humo aliyeuawa na mnyama aliandikiwa shilingi milioni 1, aliyepata kilema cha kudumu laki 5, na shamba liliandikiwa kuanzia 25,000 mpaka 100,000 kwa heka kutegemea umbali wako na hifadhi, mwisho heka 5, na kama shamba lako liko ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi iliandikwa hupati kitu, kwa hiyo aliye karibu kabisa na tembo ndiye aliyekosa hata senti. Chombo cha kazi hakimo kabisa. Mbuzi yumo, heka ya mahindi imo, pikipiki inayomlisha mtu na mke na watoto na mama yake mzazi haimo. Na ile pikipiki sio yangu Mhariri, ni ya mkataba kama za vijana wengi hapa, tajiri anataka hesabu kila siku mpaka mkataba uishe ndio chombo kiwe chako, yeye hajali tembo wala kifaru, aliniambia hesabu ni hesabu. Bima tunayokata ni bima ndogo, inamlipa mtu mwingine ukimgonga, chombo chako hakipo humo, na bima kubwa kijana wa boda ataitoa wapi wakati hata hela ya oili anakopa. Nimelipa deni la chuma ambacho hata fundi wa kukata vyuma alikionea huruma. Wapo wenzangu yamewakuta hayohayo wakakimbilia Mtwara mjini kujificha, familia zimebaki huku.

Ukipita Mikumi barabara ya kwenda Iringa unakuta kibao cha kupunguza mwendo, matuta, na bango lenye faini ya kila mnyama ukimgonga. Vizuri sana, wanyama walindwe, ni mali yetu sote na sina ugomvi nao. Njia ninayopita mimi hata bango la picha ya tembo halipo.

Ninachoomba ni vitu vinavyowezekana. Vichaka vifyekwe mita 10 kila upande kwenye kona zote ambazo tembo wanavuka, na kona hizo zinajulikana, askari wa wanyamapori wa vijiji wanazijua na sisi tunazijua, hata kesho tunaonesha. La pili meseji kama zile za Romania. Tembo wengine nchini wameshafungwa visukuma mawimbi shingoni kwa ajili ya kufuatilia wanakoelekea, basi ikifika saa kumi jioni anayeangalia hiyo ramani awatumie wenyeviti wa vijiwe vya boda, kila kijiwe kina mwenyekiti na namba yake wanayo, aseme tu leo kundi liko karibu na barabara fulani, sisi tutaambiana na abiria atalala mjini. Meseji za kubeti na bahati nasibu zinatufikia mchana na usiku mpaka porini, hii nayo itafika. La tatu, kanuni iongezwe chombo cha usafiri kinachosajiliwa, iandike na kiwango chake, na malipo yasisubiri mwaka.

Na wewe Mhariri mlete mwandishi wako Nachingwea, asije na gari la ofisi. Afike kijiweni jioni aulize yule aliyekanyagiwa pikipiki, nitampakia mpaka kwenye ile kona, nauli sitaki.

Dereva boda,
Nachingwea, Lindi