Barua ya malalamiko: begi moja, fremu mbili

Kisenyi, Kampala

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: TOZO YA BEGI LA MKONONI GETINI ENTEBBE, NA BEGI KUCHELEWA KUFIKA

Nadai mnirudishie dola 60 nilizotozwa getini Entebbe, Alhamisi ya wiki iliyopita, nilipokuwa napanda ndege yenu ya Nairobi ili niunganishe kwenda Dar es Salaam. Nadai pia gharama nilizoingia kwa sababu begi hilo hilo lilichelewa kufika. Tiketi, risiti, lebo ya begi, picha na ripoti niliyoandikiwa uwanjani Dar es Salaam nimeviambatisha, kwa hiyo sitajaza karatasi kwa namba.

Masharti yaliyoandikwa kwenye tiketi yenu ni begi moja la kabini, sentimita 55 kwa 40 kwa 23, magurudumu na mshikio vikihesabiwa, uzito usizidi kilo 7. Siyapingi. Ndege ina nafasi yake na uzito wake, na makabati ya juu ya viti hayatanuki kwa sababu abiria ameomba. Begi langu ni 54 kwa 38 kwa 22, na hapo nimehesabu mpaka ncha ya magurudumu. Mimi ni fundi cherehani, Ndugu Meneja. Futi haitoki shingoni mwangu, na nikikosea sentimita mbili mteja hufunga vifungo kwa shida na kazi narudia kwa pesa yangu. Kwenye kipimo sibahatishi.

Ndani ya begi kulikuwa na kanzu za harusi: ya bwana harusi, za mashahidi, na za wazee wawili, zote za mtindo wa Kampala, zenye tarizi ya maruni kifuani. Familia ya Dar es Salaam ilizitaka za huku hasa. Sikutaka zishuke kwenye mizigo ya chini, na ndiyo maana nilinunua begi linalolingana na sharti lenu na kupunguza vyangu vyote vingine.

Kwenye kaunta, dada aliyenihudumia aliniambia nilitumbukize begi kwenye fremu yenu ya kupimia mabegi. Likaingia, likatoka kwa mkono mmoja. Akaliweka kwenye mizani, kilo 6 na ushee. Akalifunga lebo ya kabini, akanipa pasi ya kupandia, akanitakia safari njema. Mpaka hapo sina neno nanyi.

Getini ndipo mambo yalipogeuka. Abiria walikuwa wamesimama foleni, na kijana wenu akawa anapita akiangalia mabegi kwa macho na kunyooshea kidole anayemtaka. "Nnyabo, hilo lete hapa." Hapo hapakuwa na mizani. Palikuwa na fremu ya chuma iliyoegeshwa ukutani, rangi imebanduka, na nondo ya ubavu wa kulia imepinda kuingia ndani. Begi likashuka vizuri mpaka penye ule mpindo, likakwama. Akalisukuma kwa kiganja, kisha kwa goti. "Haliingii, mama. Unaona mwenyewe."

Nikatoa futi. Mdomoni mwa fremu upana ulikuwa sentimita 40 kamili, kama mnavyoandika. Katikati, penye mpindo, ulikuwa 36. Nikaishikilia futi hapo hapo, abiria aliyekuwa nyuma yangu akanipigia picha kwa simu yangu. Picha mnayo, na namba zinasomeka. Kijana hakuwa na ufidhuli, sitamsingizia. Aliitazama futi, akaitazama foleni, akasema, "Mama, hii fremu sikuitengeneza mimi. Lisipoingia linalipiwa." Nikamwonyesha lebo ya kabini iliyofungwa na mwenzake saa moja na nusu kabla. Akajibu kwamba kaunta ni kaunta na geti ni geti.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii badala ya kumeza hasira na kwenda zangu. Niliyekata naye tiketi ni kampuni moja. Sikukata moja ya kaunta na nyingine ya geti.

Tena tofauti ya sehemu hizo mbili haiishii kwenye chuma kilichopinda. Mngeniambia kwenye kaunta kwamba begi limezidi, ningekuwa na njia kadhaa. Dereva aliyenileta kutoka Kampala alikuwa bado nje. Ningemrudishia viatu na baadhi ya vitu. Ningevaa kanzu mbili juu ya gauni, watu wakacheka, yakaisha. Ningelipia begi la chini kwa bei ya kaunta, ambayo kwa orodha yenu wenyewe ni karibu nusu ya ile ya getini. Getini njia zote hizo zimefungwa. Nimeshapita uhamiaji, nimeshapita skena, dereva yuko Kajjansi, na ndege inaitwa. Mtu aliyefika hapo hana la kuchagua, atalipa chochote mtakachotaja. Hapo ndipo mmeamua kupima, na hapo ndipo mmeweka bei ya juu. Nisiwaze nini?

Na kupima kwenyewe si kwa wote. Sikukaa kuhesabu, lakini walionyooshewa kidole karibu nami walikuwa kina mama wenye mabegi ya magurudumu na vijana wa biashara. Mgeni mmoja alipita na mkoba wa mgongoni mrefu kuliko mtoto wa darasa la tatu, chupa ya maji inaning'inia na viatu vimefungwa nje, na hakuna aliyemgusa. Sina ugomvi na mgeni yule. Huenda alikuwa amelipia. Ila hakuulizwa. Nilipoingia ndani nikakuta kabati la juu ya kiti changu lina nafasi, likafungwa hivyo hivyo mpaka Nairobi.

Najua kuna safari mnatumia ndege ndogo ambazo makabati yake hayapokei hata begi la kipimo halali. Hilo ni tatizo la ndege, abiria hana kosa, na mashirika mengi hulichukua begi mlangoni bila malipo na kumrudishia mwenyewe akishuka. Ingekuwa hivyo ningelitoa kwa mikono miwili. Ile haikuwa ndege ndogo, na haikuwa bure.

Malipo nayo ni kisa. Getini mnapokea kadi tu. Shilingi mlikataa, pesa ya simu mlikataa, na mko Uganda, ambako hata muuza mahindi ya kuchoma anakutajia namba yake ya simu. Yule yule aliyenipigia picha alitelezesha kadi yake, nami nikamtumia laki mbili na ushee kwa simu, nikamwongezea ya kutolea, maana na serikali nayo inakata chake mtu akitoa. Mungu amzidishie. Asingekuwepo, ningebaki Entebbe na kanzu zangu.

Sasa jambo ambalo naomba msilisome haraka. Kijana mwingine ambaye begi lake pia lilichukuliwa aliuliza mwenyewe, kwa sauti, kwamba mna pawabanki ndani, aitoe? Akaambiwa, "Iache tu humo, tunachelewa." Mimi hakuna aliyeniuliza chochote. Betri za akiba za lithiamu, pawabanki zikiwemo, haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya chini. Hilo ni sharti la usalama la kimataifa, na limo kwenye masharti yenu na kwenye bango lenye picha pale pale kaunta. Sababu yake inaeleweka: betri ikishika moto kabini, wahudumu wanaiona na wana maji na vifaa vya kuzimia. Ikishika moto chini kwenye mizigo, hakuna mkono unaoifikia. Begi likipangwa kuwa la kabini, mwenyewe hupakia akijua litakaa naye. Mkilichukua dakika ya mwisho lazima mumuulize lina nini. Kwa dola 60 mliona inafaa kusimamisha foleni. Kwa betri hamkuona.

Kuhusu kuchelewa. Lebo mpya niliyofungiwa getini iliandikwa Nairobi peke yake, wakati pasi yangu ya pili, ya Dar es Salaam, nilikuwa nayo mkononi na niliionyesha. Niliambiwa "litafika". Nikasubiri kwenye mkanda wa mizigo Dar es Salaam mpaka ukazimwa. Begi lilikuwa Nairobi. Lililetwa kesho yake usiku, na nikah ilikuwa imeshafungwa alasiri. Bwana harusi alivaa kanzu ya kuazima ya mjomba wake, mikono inamfika vidoleni. Familia walikuwa waungwana, lakini salio la kazi hawakunilipa lote, na siwezi kuwalaumu. Makubaliano yetu na ujumbe wa simu unaoonyesha kiasi walichokata vimo kwenye viambatisho, pamoja na risiti za teksi za kwenda na kurudi uwanjani kufuatilia.

Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Uganda, Kenya na Tanzania zote zimo, unasema katika ibara ya 19 kwamba msafirishaji huwajibika kwa hasara inayotokana na mzigo kuchelewa, isipokuwa athibitishe kwamba yeye na watu wake walichukua hatua zote zinazostahili kuizuia. Kuandika jina la mji usio sahihi kwenye lebo si hatua mojawapo. Mkataba unataka malalamiko ya kuchelewa yaandikwe ndani ya siku 21 tangu mzigo kukabidhiwa. Barua hii imo ndani ya muda. Kikomo cha fidia kwa sasa ni SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), na ninachodai mimi hakikikaribii.

Ofisa wenu wa simu, nilipopiga, aliniambia kwamba vipimo vya mabegi ni vya dunia nzima na kampuni haina la kufanya. Si kweli. IATA, chama cha mashirika ya ndege, hutaja sentimita 56 kwa 45 kwa 25 kama mwongozo wa jumla tu. Juni 2015 walileta wazo la kipimo cha pamoja cha 55 kwa 35 kwa 20, abiria wakaja juu, Amerika Kaskazini hasa, na mwezi huo huo wakalisimamisha. Tangu hapo kila kampuni imebaki na namba zake. 55 kwa 40 kwa 23 mmeichagua ninyi, mkaiandika ninyi, na mimi nikanunua begi kwa kuifuata. Basi ishikeni na ninyi.

Sisemi sheria za Ulaya zinatawala Entebbe. Ila inafaa mjue kwamba huko, Septemba 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilieleza, katika kesi iliyotoka Hispania, kwamba begi la mkononi lenye ukubwa na uzito wa kadiri ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha mtu, na halistahili kutozwa nyongeza. Na hapa kwetu, UNBS, shirika la viwango la Uganda, hukagua mizani za biashara na kuzigonga muhuri. Muuza maharage wa Nakasero akikutwa na isiyo na muhuri, inachukuliwa. Fremu si mizani, na sidai kwamba sheria hiyo inaigusa. Nauliza tu ni nani kwenu anaikagua, na mara ya mwisho aliikagua lini.

Ninachotaka kwa upande wangu ni dola 60, salio lililokatwa na nauli za teksi. Kwa upande wa abiria wengine, iondoeni fremu ile iliyopinda leo, si mwezi ujao. Pimeni kwenye kaunta, pimeni kila mtu, na begi lililopita hapo na kufungwa lebo lisipimwe tena getini isipokuwa mtu ameliongezea mzigo. Likilazimika kushuka chini, wafanyakazi wenu waulize betri, dawa na nyaraka kabla ya kulibeba, na lebo iandikwe mji ambao abiria anakwenda. Na kama mtaendelea kutoza watu getini, pokeeni shilingi na pesa ya simu.

Kijana wa getini msimfukuze kwa barua hii. Alikuwa peke yake, na ndege ilikuwa inamsubiri yeye.

Naomba majibu ya maandishi, si simu. Malipo yatumwe kwenye namba iliyo kwenye fomu, pamoja na ya kutolea.

Wenu mteja,

Fundi cherehani, Kisenyi.

Nakala: Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda (UCAA), Entebbe.