Ndugu wanakikundi: usajili wa mashamba ya parachichi

Ndugu wanakikundi,

China ilifungua soko lake kwa parachichi la Tanzania mwezi Novemba 2022, lakini inapokea tu tunda lililotoka katika shamba na kituo cha kufungashia vilivyosajiliwa. Kwa hiyo kila mwanachama wa hapa Njombe anaombwa kumkabidhi katibu taarifa za shamba lake kabla ya Ijumaa. Hass (aina ya parachichi) ikatwe kwa mkasi ikiwa imekomaa, ibakizwe kikonyo kifupi, na isiguse udongo, kwani tunda lililong'olewa kikonyo huanza kuoza likiwa bado safarini melini. Madalali wanaonunua matunda machanga kwa bei ya haraka wanatuharibia jina, na kwa maoni yangu tusiwafungulie mashamba. Matunda yatakayokataliwa tutawauzia wakamuaji wa mafuta.

Mratibu