Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mtihani wa Historia uwe na vyanzo vya kusoma

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Wanafunzi walioanza kidato cha kwanza Januari 2024 kwa mtaala mpya watafika kidato cha nne mwaka 2027. Wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili, somo la lazima, tena kwa Kiswahili. Tunaomba mtihani wao uwe na swali moja la alama 15 linalompa mtahiniwa vyanzo viwili vifupi avisome, avilinganishe, kisha aeleze anakiamini kipi na kwa nini.

Fungua daftari kwenye mada ya Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, 1905 hadi 1907. Utakuta kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ukatili wa maakida, yaani watawala wadogo walioteuliwa na Wajerumani. Yote ni kweli. Muulize mwenye daftari tumeyajuaje, atanyamaza. Mwalimu ana vipindi viwili vya dakika 40 na mada inayotakiwa kuisha, kwa hiyo anaandika nukta za kukariri ubaoni na kusonga mbele. Hatumlaumu. Anafundisha kile kitakachosahihishwa.

Chukua idadi ya waliokufa. Taarifa za Wajerumani zilitaja watu wapatao 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Namba moja inakaririwa mara moja na kusahaulika. Zikiandikwa zote mbili, kipindi kinachangamka: nani alihesabu? Alihesabu wapi? Waliokufa kwa njaa baada ya askari kuchoma mashamba na maghala, hata miaka kadhaa baadaye, wamo au hawamo? Kwa maswali hayo mwanafunzi anaona jinsi njaa ilivyotumika kama silaha, jambo ambalo kwenye madaftari mengi hupewa mstari mmoja.

Vyanzo vipo. Upo utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyeitazama vita akiwa mtu wa pwani. Yapo masimulizi ya wazee yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, vijana waliowazidi hawa wetu kwa miaka michache tu. Yapo pia majalada ya utawala wa Kijerumani kwenye Nyaraka za Taifa, ila mengi yako kwa Kijerumani, na mwandiko wa mkono wa zama zile unamshinda hata anayeijua lugha hiyo. Hapo ndipo Taasisi ya Elimu Tanzania inahitajika: itafsiri dondoo 20 tu, izisambaze shuleni.

Kila dondoo isizidi maneno 100. Ikizidi hapo tutakuwa tunapima kasi ya kusoma. Juu yake iandikwe nani alisema, wapi, mwaka gani, maana bila hayo mtahiniwa atabaki kubahatisha. Mwongozo wa usahihishaji ndio wa kuangaliwa zaidi. Msahihishaji akipewa jibu moja la "chanzo sahihi", walimu watalikaririsha hilo nalo. Alama zitolewe kwa hoja: watahiniwa wawili wanaweza kuchagua vyanzo tofauti na wote wakapata 15.

Kazi ya mradi nayo inaweza kuanza kijijini. Wanafunzi wawili kwa mzee mmoja, mmoja aulize, mwingine aandike, maswali yasizidi sita. Swali kama "Wajerumani waliwatesa babu zenu?" huzaa "ndiyo" na mazungumzo yakaishia hapo. "Shamba la pamba la jumbe lilikuwa upande gani?" humfanya mzee ainuke aonyeshe. Mzee wa leo hakuwapo mwaka 1905, kwa hiyo lazima waandike alisimuliwa na nani. Wajihadhari pia na mzee anayerudia aliyoyasikia redioni au kwenye kitabu cha mjukuu wake. Dalili yake ni masimulizi yasiyo na jina hata moja la mtu au mto wa pale.

Tunaomba Baraza la Mitihani litoe karatasi ya mfano pamoja na mwongozo wake kabla wanafunzi hawa hawajaingia kidato cha nne. Ikitoka Mei au Juni ya mwaka wa mtihani, madaftari yatakuwa yameshajaa nukta.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Walimu wa Historia, shule za sekondari