Kabla hujarudisha kile kitabu cha Mfalme Arthur

Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alituwekea kitabu kinene juu ya kaunta akasema, "Mwanangu, mmeniuzia mbuzi kwenye gunia." Kilikuwa The Once and Future King cha T. H. White, alichomnunulia kijana wake wa miaka kumi aliyenogewa na filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1963. Sehemu ya kwanza waliisoma wote wawili kila usiku, wakicheka. Ya pili ikaanza na malkia anayemchemsha paka mzima mzima, yu hai. Mtoto akalia, na kitabu kikaishia hapo.

Hatukubishana naye. Kosa ni letu: tuliona upanga kwenye jalada, tukakipanga kwenye rafu ya watoto.

Kitabu hiki kwa kweli ni vinne, vilivyounganishwa mwaka 1958. Cha kwanza, The Sword in the Stone, kilitoka peke yake mwaka 1938, nacho ndicho Disney walichokichukua. Humo yumo Wart, yaani Arthur mwenyewe angali mdogo, mtoto wa kulelewa asiyejua kwamba ndiye mfalme. Yumo mzee Merlyn, mchawi na mwalimu wake, anayeishi kinyumenyume na hivyo kuyakumbuka ya kesho. Na yumo bundi wake Archimedes. (Sisi bundi akitua juu ya paa tunamfukuza. Kijana wa yule mama anataka kumfuga.) Baada ya hapo watoto hawana chao tena. Yanakuja mauaji, mapenzi ya wizi ya Lancelot, shujaa wa Arthur, na Guenever, mke wa Arthur, na mwisho Arthur mzee, usiku wa kuamkia vita na mwanawe mwenyewe, Mordred.

Mimi sehemu ya tatu ndiyo inayonikaa moyoni. Inaanza na Lancelot akiwa bado mtoto, anajitazama kwenye kofia ya chuma iliyong'arishwa, anauona uso wake ulivyo mbaya. Lakini hilo ni la mtu mzima aliyekwisha kujitazama hivyo siku moja.

Kuna na jambo jingine linalowaudhi waliotokea kwenye filamu: "Madam Mim yuko wapi?" Katika kitabu kinene hayupo. White alipoipanga upya sehemu ya kwanza kwa ajili ya toleo la 1958, alimtoa Mim, yule mchawi wa kike, pamoja na shindano lake na Merlyn, akaingiza safari za Wart kwa siafu na kwa mabata bukini. Safari hizo alikuwa ameziandikia kitabu cha tano, The Book of Merlyn, kilichokuja kuchapishwa mwaka 1977, yeye akiwa amefariki tangu 1964. Kwa hiyo ukishika nakala ya mtumba usiyoijua, pekua utafute jina la Mim. Usipolikuta, umeshika maandishi yaliyorekebishwa.

Sasa kinene tumekihamishia rafu ya watu wazima, na kabla ya kukufungia tutakuuliza kinasomwa na nani. Ukitaka, simama hapohapo kaunta usome kurasa mbili tatu za mwanzo wa sehemu ya pili, hatutakuharakisha. Aliyekwisha kununua akajuta akilete, mradi hakijachanika, tumbadilishie. Yule mama tulimpa cha kwanza peke yake, chenye Mim. Hicho hakikai rafuni. Ukikikosa, acha jina na namba yako kwenye daftari.