Mkiandika habari za Marekani tuambieni aliyeamua ni nani

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nilisemee hili la habari za Marekani, limenikaa rohoni muda mrefu na naona linatugusa sana sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini.

Kila mara nasoma kichwa cha habari Marekani yakata misaada, wiki ijayo Marekani yarejesha, wiki inayofuata Marekani yazuia tena, msomaji wa hapa Mbeya anabaki anajiuliza hawa watu vipi, jana ndiyo leo hapana. Kumbe wa jana ni mwingine na wa leo ni mwingine, kule wanaoamua ni wengi na kila mmoja ana mipaka yake, ila nyie mnatuandikia kama vile yupo mtu mmoja tu anaamka asubuhi anaamua.

Nichukue hili la dawa za VVU maana ndilo lililotufika mlangoni. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza kwa maambukizi nchini, hilo sio siri, na hela nyingi za kliniki za CTC, zile za matunzo na dawa kwa wenye VVU, na za wale wahudumu wanaofuatilia wagonjwa majumbani zinatoka kwenye PEPFAR, mpango wa Wamarekani wa kupambana na UKIMWI. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku chache baadaye mdogo wangu ambaye alikuwa anaingiza data kwenye mradi mmoja akapigiwa simu jioni, kesho usije mpaka utakapoambiwa na kompyuta uirudishe. Mafaili yakabaki mezani. Wagonjwa wakaanza kuulizia wapewe dozi ya miezi sita kabisa kabla stoo haijakauka, kuna mama mmoja akamwambia mdogo wangu kwamba yeye ameshaanza kunywa siku moja anaruka siku moja ili zimfikishe mbali, na mtu yeyote wa afya atakwambia hiyo ni hatari, virusi vinazoea dawa halafu dawa yenyewe inakuja kugoma. Yule mama alisikia tu Marekani imefuta, basi.

Sasa angalieni kilichokuwa kinaendelea kule. Tarehe 28 mwezi huohuo waziri wao wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatoa kibali misaada ya kuokoa maisha iendelee, na ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, zikaingia humo. Ni kweli kazi nyingi zilikuwa zimeshavurugika na mdogo wangu hakurudishwa, lakini kuambiwa dawa zimefutwa na kuambiwa mradi umesimama wakati dawa zimeruhusiwa ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mtu aliyebakiza vidonge vya wiki mbili kwenye kopo.

Halafu PEPFAR haikuanzishwa kwa amri ya Rais. Ilianzishwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2003 na Kongresi, yaani bunge lao lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi, enzi za Rais George W. Bush, wakaidhinisha dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Katiba yao iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 inasema hela haitoki hazina mpaka kuwe na sheria, na sheria inatungwa na Kongresi, Rais hana mamlaka ya kutunga. Rais Nixon alipokuwa anakalia hela ambazo Kongresi imeshazipitisha wakamtungia sheria mwaka 1974, kwamba Rais akitaka kufuta hela iliyopitishwa apeleke ombi, na wao wakikaa siku 45 bila kulipitisha basi hela inatakiwa itumike kama ilivyopangwa. Kwa hiyo Trump aliposimamisha misaada watu wa kule waliuliza swali ambalo huku sikuliona kwenye gazeti hata mara moja, je hela hizi ni zake kuzisimamisha?

Mashirika yaliyokuwa yameshafanya kazi na hayajalipwa yakaenda mahakamani, jaji mmoja wa Washington akaamuru walipwe, serikali ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Machi 2025 majaji watano dhidi ya wanne wakakataa kuizuia ile amri ya kulipa, ilikuwa inahusu karibu dola bilioni 2. Mmoja wa hao watano ni Amy Coney Barrett, jaji aliyeteuliwa na Trump mwenyewe mwaka 2020! Kule Rais anateua jaji, Seneti inamthibitisha, lakini akishakaa kwenye kiti hakuna wa kumtoa kwa sababu ya hukumu aliyotoa, anakaa mpaka astaafu mwenyewe au afe, labda aboronge mpaka Kongresi imshitaki na kumwondoa. Na wala mahakama haimpingi Rais kila siku, Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu hiyohiyo ilimruhusu aendelee kuzuia karibu dola bilioni 4 za misaada ya nje. Ukisoma vichwa vya habari peke yake utaona vurugu tupu.

Kongresi nayo ikaingia Julai 2025. Rais alipeleka ombi la kufuta dola bilioni 9.4, na ndani yake kulikuwa na milioni 400 za PEPFAR. Seneti ikagoma kwenye hizo milioni 400, ikazitoa, iliyobaki karibu bilioni 9 ikapita kwa kura 51 kwa 48, Baraza la Wawakilishi 216 kwa 213, Rais akasaini. Tofauti ya kura tatu tatu tu hapo. Na chama cha Rais ndicho kilichokuwa na wingi kwenye mabaraza yote mawili, bado maseneta wa chama chake wakamwambia hapa hapana. Hii habari ya milioni 400 kwa mtu wa Makambako au Tukuyu anayekunywa dawa kila siku ilistahili ukurasa wa kwanza, mimi niliiokota kwenye simu.

Na hayo mabaraza mawili msomaji akielezwa yalivyo ataelewa mengi. Wawakilishi wapo 435, wanagawanywa kwa wingi wa watu na wanarudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili, maseneta wapo 100, kila jimbo wawili, miaka sita sita. California yenye watu karibu milioni 39 ina maseneta wawili, Wyoming ambayo haifiki hata watu laki sita nayo wawili. Mimi naona siyo haki sana lakini ndio mapatano ya 1787, majimbo madogo yaliogopa kumezwa na bila hivyo yasingekubali kuungana.

Maana majimbo yalikuwepo kabla ya serikali ya shirikisho, yale 13 ya mwanzo ndiyo yaliyoiunda, na marekebisho ya 10 ya katiba, ya mwaka 1791, yanasema madaraka ambayo shirikisho halikupewa na majimbo hayakukatazwa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Huku mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais na kesho anaweza kuhamishiwa Rukwa, gavana wa kule anachaguliwa na watu wa jimbo lake na Rais hawezi kumgusa hata kama hawaongei. Ndio maana Texas bado wanatekeleza hukumu ya kifo wakati Michigan waliifuta kwa makosa ya mauaji tangu 1846, halafu nyie mnaandika Marekani yaua mfungwa.

Hata mawaziri. Huku kwetu waziri lazima awe mbunge, kule ni marufuku kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, huyo Rubio aliachia useneta wake wa Florida ndipo akaapishwa.

Ninachoomba, mhariri, hakihitaji hata mwandishi wa kumtuma Washington. Kila habari ya Marekani iwe na mstari mmoja tu unaosema hiki ni amri ya Rais au sheria ya Kongresi au hukumu ya mahakama au uamuzi wa jimbo, na kama ni mahakama ni ya ngazi gani na rufaa ipo au haipo, kama ni muswada umeshapita baraza gani na lipi bado. Na habari ikiwa inahusu dawa, kabla hamjachapa mpigieni simu mganga mkuu wa mkoa wa Mbeya, Njombe au Iringa mumuulize stoo kuna dawa za muda gani, jibu lake liwekeni juu kabisa, kabla ya jina la Trump.

Msomaji wenu,
Mwanjelwa, Mbeya