Dawa ya wadudu na mishipa ya fahamu ya anayeipulizia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wakulima wa mchicha na matembele wa Bonde la Msimbazi, ambao huwaona asubuhi wakipulizia viuatilifu bila glavu wala barakoa, na ambao nikiwauliza hunijibu kwamba dawa ile ni ya wadudu, si ya watu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na jibu hilo linaniuma.

Tumezoea kuifananisha mishipa ya fahamu na nyaya za umeme, mfano ambao ni kweli nusu tu. Ndani ya seli ya neva, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu huingia kupitia utando wake na za potasiamu hutoka, na badiliko hilo la umeme hukimbia, katika neva zenye kasi kubwa, kiasi cha mita 100 kwa sekunde. Likifika mwisho wa seli hukuta mwanya mwembamba mno, na hapo mara nyingi umeme hauvuki: seli humwaga kemikali, nayo ndiyo inayovuka na kushika vipokezi vya seli ya pili. Mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha hilo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura. Aliichochea neva ya moyo wa kwanza hadi mapigo yakapungua, akachukua majimaji yaliyouzunguka akayatia kwenye wa pili, nao ukapunguza mapigo ilhali neva yake haikuguswa.

Kemikali ile ni asetilikolini, ambayo ndiyo pia huiamuru misuli yetu ikaze. Amri ikishapokelewa, kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, huivunja papo hapo ili msuli ulegee. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfati hukizuia kimeng'enya hicho, amri ikabaki pale pale ikijirudia: mate na machozi humtiririka mtu, mboni husinyaa, misuli hutetemeka, na mwishowe ile ya kupumulia hushindwa kazi. Mdudu naye hutumia asetilikolini hiyo hiyo katika mfumo wake wa fahamu, na ndiyo maana hufa. Tena sumu hii hupenya kwenye ngozi, hata bila kumezwa.

Kwa hiyo nawasihi wauzaji wa pembejeo waache kuwapimia wakulima dawa hizi katika chupa za maji zisizo na lebo. Aliyepatwa na dalili avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha awahishwe hospitali pamoja na chupa yenye lebo, kwa kuwa atropini hutibu sumu za aina hii, na daktari hufanya haraka zaidi akijua ni ipi.

Mwalimu wa Baiolojia,
Kigogo, Dar es Salaam